Barua ya Wazi kwa Waziri wa Ulinzi kuhusu Mianga ya Usiku Nyanda za Juu Kusini

Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa,
Dodoma.

YAH: OMBI LA UCHUNGUZI WA WAZI WA MIANGA ISIYOELEWEKA ANGANI

Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Tukuyu, wilayani Rungwe. Kila kiangazi kinapoingia na anga likatakata juu ya Uporoto na Kitulo, wananchi huona mianga wasiyoielewa: mingine imefuatana kwa mstari mmoja ikipita kimya bila mngurumo wowote, mingine imetulia juu ya mlima kwa muda mrefu baada ya magharibi.

Naamini sehemu kubwa ya mianga hiyo ina maelezo. Tangu Mei 2019 satelaiti za intaneti za Starlink zimekuwa zikirushwa kwa makumi, na katika siku za mwanzo huonekana zikiandamana kwa sababu huko juu bado zinamulikwa na jua ambalo kwetu limekwisha kuzama. Mwanga unaotulia upande wa magharibi mara nyingi ni sayari ya Zuhura, na ule mstari mwekundu unaoonekana mlimani mwezi wa tisa ni moto wa nyika. Lakini maelezo ya raia mmoja hayana uzito wa kauli ya Serikali, na pale Serikali inapokaa kimya, video ikisharushwa kwenye WhatsApp kila mtu huweka maelezo yake. Huyu atasema ni ndege za kijasusi, yule atasema ni ungo wa wachawi, na ikifika hapo macho ya kijiji humgeukia bibi kizee anayeishi peke yake. Mikoa yetu imekwisha kupoteza wazee kwa tuhuma za uchawi, Mheshimiwa, ndiyo maana silichukulii suala hili kuwa la udadisi tu.

Majeshi ya wenzetu yamelipitia jambo hili. Jeshi la Anga la Marekani liliendesha Project Blue Book, mradi wa kuchunguza vitu visivyotambulika angani, kuanzia 1952 hadi 1969, likapokea taarifa 12,618, na kati ya hizo 701 zikabaki bila ufafanuzi. Hitimisho lilikuwa kwamba hakuna iliyoonyesha tishio kwa usalama wa nchi, lakini raia wengi hawakuliamini, na sababu naiona wazi: ndege ya kijasusi ya U-2, iliyoanza kuruka 1955 katika kimo kilichozidi sana kile cha ndege za abiria za wakati huo, ilikuwa chanzo cha baadhi ya taarifa hizo, na wachunguzi waliofahamu hivyo hawakuruhusiwa kumweleza aliyeiona. Siri ya kijeshi ilikuwa ya halali. Hata hivyo, mwananchi aliyeambiwa jibu la kubuni alihisi anadanganywa, na ndivyo uvumi ulivyopata nguvu.

Ufaransa ilichagua njia ninayoiona bora zaidi. Mwaka 1977 kazi hiyo ilikabidhiwa shirika la anga za juu la kiraia, CNES, mjini Toulouse; askari wa jandamaria, yaani jeshi la polisi la huko, huandika maelezo ya shahidi, wanasayansi huyachambua, kisha matokeo hutolewa hadharani. Pale taarifa zinapopungua, wanasema zimepungua.

Ninaomba wizara yako ianzishe utaratibu wa namna hiyo kwa mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa. Mtendaji wa kijiji apewe fomu fupi ya kujaza saa, upande wa anga, muda ambao mwanga uliendelea kuonekana na kama ulikuwa na sauti. Fomu zipelekwe kwa timu ya Jeshi, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, Mamlaka ya Hali ya Hewa na walimu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ambao watazilinganisha na ratiba za ndege na njia za satelaiti. Kama mwanga ulitokana na mazoezi ya Jeshi, inatosha kutamka kwamba ni shughuli ya Jeshi, bila undani wowote.

Majibu yaandikwe kwa Kiswahili chepesi na yabandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za vijiji, kwa kuwa wengi wanaotazama anga hilo hawana intaneti, na yatoke ndani ya wiki chache tangu taarifa ilipotolewa, kabla uvumi haujamfikia mtu mlangoni kwake.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwananchi, Tukuyu.