Semina ya uzamili isiwe ya kusomeana slaidi

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuzungumzie semina ambazo wanafunzi wa uzamili na uzamivu wa sayansi ya kompyuta huwasilisha utafiti mpya wa dunia, hapa Mwanza na Kanda ya Ziwa kwa jumla. Semina hizi zimo kwenye mtaala na zina alama, lakini nyingi zimegeuka za kusomeana slaidi. Mwanafunzi anaugeukia ukuta, anasoma Kiingereza cha watu wengine dakika 40, wenzake wanaperuzi simu. Mwenyekiti anauliza kama kuna swali. Kimya. Makofi, kisha chai.

Kosa huanzia kwenye kuchagua. Mwanafunzi huambiwa "tafuta mada", naye anarudi na "akili mnemba katika kilimo", jambo ambalo halielezeki kwa saa moja wala kwa mwaka. Apewe makala moja, siyo mada. Na ajue inatoka wapi: katika fani yetu kazi nyingi nzito hutoka kwanza kwenye mikutano kama SIGCOMM, OSDI au NeurIPS, ambako wabobezi huipitia makala kabla ya kuikubali. Iliyowekwa tu arXiv, hifadhi ya makala mtandaoni, haijapita kwenye chujio hilo. Si dhambi kuiwasilisha, ila mwanafunzi aliseme hilo mwanzoni, asisubiri kuulizwa.

Makala ya OSDI huwa na kurasa kama 12 bila kuhesabu marejeo, na kila ukurasa umeshonana. Inataka wiki mbili. Siku ya kwanza asome muhtasari, michoro na hitimisho, kisha aandike kwa sentensi moja waandishi wanadai nini. Akishindwa baada ya kurudia mara tatu, abadili makala mapema, kabla hajaingia gharama. Wiki inayobaki aisome yote, akiruka uthibitisho wa kihisabati. Wiki ya pili achague mchoro mmoja ulioshika dai lenyewe na auchore upya kwa mkono wake.

Hapo kwenye kuchora upya ndipo semina inapopona au kufa. Tuchukue mfano. Mwaka 2014 Diego Ongaro na John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa makala ya Raft. Jina hilo kwa Kiswahili ni chelezo, kwa hiyo sisi wa ziwani hatuna sababu ya kuliogopa. Swali lao: seva kadhaa, yaani kompyuta zinazohudumia nyingine, zitakubalianaje juu ya orodha moja ya kumbukumbu hata baadhi zikizimika? Zikiwa tano, tatu zikikubaliana inatosha, maana yake mbili zinaweza kufa na kazi ikaendelea. Mmoja ni kiongozi, wengine wafuasi. Mfuasi asiposikia kutoka kwa kiongozi kwa muda fulani, anafungua muhula mpya, anakuwa mgombea, anajipigia kura na kuomba za wenzake. Kila seva ina kura moja kwa muhula. Msomaji ataona kwamba maneno yote hayo ni ya kila uchaguzi wa kijiji. Anayesema Kiswahili hakifai kwa sayansi ya kompyuta ajaribu kwanza hapa.

Sasa mchoro wa makala hiyo unaoonyesha kiongozi mpya hupatikana baada ya muda gani. Mwanafunzi wa kawaida huunakili jinsi ulivyo na kusema "kama mnavyoona". Hakuna anayeona kitu. Aanze na mihimili, asiguse mistari. Mhimili wa chini ni muda ambao kundi lilikaa bila kiongozi, kwa milisekunde, na hatua zake hazilingani kithamani: 100, 1,000, 10,000 na 100,000 zimepangwa kwa umbali uleule. Asipolisema hilo, ukumbi utadhani mistari miwili inakaribiana kumbe mmoja ni mara kumi ya mwingine. Mhimili wa kusimama ni asilimia ya majaribio ambayo yalikwisha kumpata kiongozi.

Ndipo aje kwenye mstari wa 150–150, ambapo seva zote husubiri muda uleule, milisekunde 150. Kiongozi akifa, wote wanagombea kwa pamoja, kila mmoja kajipigia, hakuna anayefikisha kura tatu, wanaanza upya. Mara kwa mara ilichukua zaidi ya sekunde 10. Kisha mstari wa 150–155: kila seva inajichagulia muda wake kwa bahati nasibu ndani ya nafasi ya milisekunde 5. Muda wa katikati wa kukaa bila kiongozi ukashuka hadi milisekunde 287. Nafasi ilipofika 50, hata jaribio baya kuliko yote kati ya 1,000 lilikwisha kwa milisekunde 513. Kosa tunalolitarajia hapa ni mwanafunzi kusema seva "zinasubiri milisekunde 5". Hapana. Zinasubiri 150 na ushee. 5 ni upana wa bahati nasibu. Anayelikosa hilo hajaielewa makala, hata slaidi zake ziwe na mapambo gani.

Mchoro huo mmoja, pamoja na duara tano ubaoni za kuonyesha kura zinavyogawanyika, unamaliza dakika 20. Dakika 20 nyingine ziwe za maswali, na maswali yasiachwe kwa bahati. Siku tatu kabla, ukurasa mmoja wa muhtasari uwafikie wote, na wanafunzi wawili wapewe kazi ya upinzani. Mpinzani wa kwanza aulize namba: 287 imetoka wapi ilhali kusubiri ni 150? (Kura bado hugawanyika, na raundi ikirudiwa subira inarudiwa.) Wa pili aulize mahali: katika majaribio yale ujumbe ulichukua takriban milisekunde 15 kuwafikia wote na kujibiwa; je, seva zikiwa Mwanza, Bukoba na Dar es Salaam? Muda wa ujumbe ukiukaribia muda wa kusubiri, mfuasi atadhani kiongozi amekufa kumbe salamu yake iko njiani, na uchaguzi utaitishwa bure. Mwasilishaji asijibu kwa kukisia. Apime ping, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi, mara 100 kutoka maabara hadi seva iliyoko Dar es Salaam, saa nne asubuhi na tena usiku, aje na namba ndogo, ya katikati na kubwa kuliko zote. Hiyo kubwa ndiyo yenye maneno.

Kuhusu slaidi hatuna mengi. Kumi hadi kumi na mbili zinatosha, herufi zisipungue ukubwa wa 28, na jedwali la mistari kumi na miwili likatwe hadi mistari mitatu inayozungumziwa. Projekta iliyochoka huifuta kabisa rangi ya njano, na jua la alasiri dirishani humalizia zilizobaki. Faili liwe PDF kwenye flashi, adapta ya VGA iwe mfukoni, na mwanafunzi aweze kuendelea na chaki umeme ukikatika. Majaribio mawili akiwa amesimama, saa mezani.

Neno moja juu ya programu za akili mnemba zinazofupisha makala. Zinaandika vizuri, na hapo ndipo zinapomponza mtu: namba ya mfumo mmoja inahamia kwa mwingine, au "kwa wastani" inageuka "daima". Kila namba iliyo kwenye slaidi iandikiwe pembeni ukurasa na mchoro ilikotoka. Isiyo na anwani ifutwe.

Lugha: slaidi zibaki Kiingereza kama chuo kinataka, lakini maelezo na maswali yaruhusiwe Kiswahili. Wanaonyamaza kwa Kiingereza wengi wao wana swali.

Na alama zisitoke kwa mwasilishaji peke yake. Waandishi wa Raft wenyewe waliwapima wanafunzi 43 kwa mtihani: 33 walijibu vizuri zaidi maswali ya Raft kuliko ya Paxos, mbinu ya zamani ya kazi hiyohiyo. Idara ifanye vivyo hivyo kwa kipimo kidogo. Dakika tano za mwisho kila msikilizaji ajibu maswali matatu kwenye karatasi: wanadai nini, ushahidi ni namba ipi, na utashindwa wapi. Ukumbi ukikosa, mwasilishaji amekosa. Karatasi hizo zikae kwenye faili la idara pamoja na vipimo vya ping, ili atakayepewa makala ya jirani mwakani aanzie hapo.

Wahadhiri na waandishi wa programu,
Nyegezi, Mwanza