Katazo la madini Antaktika haliishi 2048

Ndugu Mhariri,

Imezoeleka kusemwa, hata katika midahalo ya wanafunzi hapa Kigoma, kwamba mwaka 2048 Antaktika itafunguliwa kwa wachimba madini. Waliosema hivyo hawakuisoma Itifaki ya Madrid, yaani nyongeza ya Mkataba wa Antaktika inayolinda mazingira ya bara hilo, hadi ibara ya 25.

Mkataba wa Antaktika wa 1959, uliosainiwa na nchi 12 ikiwemo Afrika Kusini, haukugusa madini. Mwaka 1988 ukaandaliwa mkataba wa kuruhusu uchimbaji kwa masharti. Australia na Ufaransa zikaukataa, ukafia mezani. Itifaki ya Madrid ikafuata mwaka 1991, ikaanza kutumika 14 Januari 1998. Ibara yake ya 7 ni fupi ajabu: shughuli zote za madini ni marufuku, isipokuwa utafiti wa kisayansi. Haina tarehe ya kuisha.

Kinachotokea 2048 ni kwamba nchi yoyote yenye kura katika maamuzi ya Mkataba wa Antaktika (sasa ziko 29) itaweza kudai mkutano wa mapitio. Hapo badiliko litahitaji kukubaliwa na wanachama walio wengi, wakiwemo robo tatu ya nchi 26 zilizokuwa na kura mwaka 1991. Kisha liridhiwe na robo tatu ya wenye kura, na katika zile 26 isikosekane hata moja. Afrika Kusini imo humo. Ikigoma peke yake, badiliko limekwama. Na katazo lenyewe haling'oki mpaka iwepo sheria nyingine ya kudhibiti uchimbaji, yenye nguvu kwa wote.

Mianya ipo. Badiliko likipitishwa lakini miaka 3 ikapita halijaanza kutumika, nchi inaweza kutoa notisi na kujitoa baada ya miaka 2. Mwanya mwingine uko wazi hata leo: meli inayopima miamba chini ya bahari kwa mawimbi ya sauti hutumia vifaa vilevile, iwe inachunguza historia ya barafu au inanusa mafuta. Mimi ningeziangalia meli hizo kuliko kalenda.

Ziwa Tanganyika nalo lina mkataba, uliosainiwa Dar es Salaam Juni 2003 na Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Unadai kuzuia uchafuzi na kufanya tathmini ya athari kwa mazingira, ila hauna katazo kama la ibara ya 7, na vitalu vya kutafuta mafuta ziwani vimeshawahi kutolewa. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, na mto unaolitoa maji ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Mafuta yakimwagika yatabaki na wavuvi wetu wa dagaa na migebuka.

Mkataba huo unaruhusu itifaki za nyongeza. Wabunge wetu watuambie: itifaki ya kuzuia uchimbaji, walau katika maji ya mbele ya Gombe na Mahale, nani ameanza kuiandika?

Mwalimu wa Jiografia,
Ujiji, Kigoma