Shukrani kwa dada mkalimani wa Guangzhou

Dada yetu wa mtaa wa Xiaobei, Guangzhou, jina ulikataa litajwe, nasi hatulitaji. Ahsante sana.

Wanaofunga mzigo China wanajua uzito wa uliyoyafundisha. Bei huandikwa kwenye kikokotoo, lakini oda ni karatasi: rangi, saizi, aina ya kitambaa, tarehe ya kukabidhi. Sampuli ziwe mbili zenye sahihi, moja abaki nayo mnunuzi. Malipo ya awali kwa kawaida ni asilimia 30. 70 zilizobaki hulipwa mzigo ukishakaguliwa, kabla haujatoka kiwandani. Hapo ndipo wengi huumia: hufungua katoni za juu tu, kumbe za chini zimechanganywa saizi. Ukishamaliza kulipa, nani atakusikiliza?

Na ile hesabu ya CBM, yaani mita za ujazo! Katoni ya sentimita 60 kwa 50 kwa 40 ni 0.12, kwa hiyo katoni 100 ni CBM 12, na nguo nyepesi zinazosafirishwa kwa meli hutozwa kwa ujazo huo. Oda za kuelekea Mwaka Mpya wa Kichina ulizikataza kabisa. Mafundi huwahi kwenda kwao, mishono hulipuliwa.

Mungu akuzidishie, dada.