Kwa wadogo zangu wenye depo na maduka hapa Goma

Wadogo zangu,

Nimetoka matangani na hasira bado haijanitoka. Depo ya marehemu rafiki yangu imefungwa kwa kufuli tatu, za watu watatu wasiosemezana. Depo hiyo, iliyokuwa katikati ya mji, iliteketea kwa lava ya volkano ya Nyiragongo mnamo Januari 2002, naye akaijenga upya juu ya mawe hayo hayo kwa magunia machache ya sukari aliyokopeshwa kwa kuaminiwa tu. Lava haikuiweza, matanga ya siku chache yameiweza.

Madeni yote aliyaweka kichwani. Nani wa Rutshuru hajamaliza kulipa, nani wa Bukavu amepelekewa mzigo kwa mkopo: alijua yeye peke yake, na alijivunia kutohitaji daftari. Nilipomsihi aandike, alicheka akaniuliza kama ninamtakia kifo. (Ndivyo tulivyo: kutaja kifo tunaona ni kukiita.) Binti yake mkubwa alishika kasha la pesa miaka tisa, lakini siku ya kikao baba zake wadogo walimwambia akachemshe chai. Funguo alipewa kaka yake aliyerudi kutoka Kampala, asiyejua hata sukari inanunuliwa kwa nani. Wadaiwa walipata habari kabla matanga hayajaondolewa, na hakuna aliyekuja kulipa.

Msiseme sheria haipo. Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawapa watoto robo tatu ya urithi, wa kike sawa na wa kiume, pamoja na waliozaliwa nje ya ndoa ambao baba aliwatambua akiwa hai. Wosia ulioandikwa wote kwa mkono wako, wenye tarehe na saini, unakubalika. Hata hivyo, sheria inagawa magunia. Kujua kazi haiwezi kukugawia. Hilo hufundishwa kwa miaka, mtoto akikuona unavyopima kilo bila kuiba na unavyomvumilia mteja aliyekwama.

Mengine mnayajua: mlipeni mshahara mtoto anayefanya kazi dukani, pesa ya depo isinunue chakula cha nyumbani, anayeweza aandikishe biashara yake kuwa SARL, yaani kampuni ya dhima yenye kikomo, kwa kuwa katika sheria ya OHADA, ile sheria ya biashara ya pamoja ya nchi kadhaa za Afrika, inayotumika nchini kwetu tangu Septemba 2012, kampuni hiyo haivunjiki kwa kifo cha mwenye hisa, isipokuwa hati zake zimesema hivyo.

Najua mmechoka, na vita vimewafundisha kuficha mlicho nacho. Lakini kumficha mwizi ni jambo moja, kumficha mwanao ni jingine.

Nami nilikuwa mmoja wa wadaiwa wake, wa magunia ishirini. Hakuna aliyeniuliza. Nilimpelekea yule binti dola zake nyumbani. Alizihesabu mara mbili, akanishukuru, kisha akaniuliza kama ninawafahamu wengine.