Mdogo wangu, ningekaaje kimya?

Mdogo wangu,

Tangu arobaini ya mtoto hupokei simu zangu. Mama anasema umenuna kwa kuwa nilikudhalilisha mbele ya wakwe. Nimeona nikuandikie hapa, maana hapa najua utasoma.

Ile kofia ya kufuma bado naiona. Umeme umekatika, upepo wa Julai unapiga mabati pale Chang'ombe, mtoto analia tangu magharibi, mkeo usingizi umemshinda. Ukamshika makwapani ukamtikisa, "Nyamaza! Nyamaza!" Kichwa kikaenda mbele, kikarudi nyuma, kofia ikadondoka. Nikakupokonya. Ndiyo, nilipiga kelele mpaka wageni wa Kondoa wakaamka. Ulitaka nisubiri kukuche nikuite pembeni? Mimi ni shangazi yake.

Najua unampenda. Ulilala kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi, hukula mpaka uliposikia kalia. Lakini kichwa cha mtoto wa wiki sita ni kizito na shingo bado haijakaza. Akitikiswa, ubongo unagonga fuvu, mishipa inachanika, damu inavujia ndani, hata nyuma ya macho. Sekunde chache tu, na kwa nje huenda usione hata mchubuko. Kisha anatapika, anagoma kunyonya, analegea, degedege linamshika, na nyumbani wanasema ni jicho la mtu. Wapo wanaokufa, wapo wanaobaki vipofu au wasitembee maisha yao yote. Dalili hizo ukiziona ni hospitali mbio, na daktari aambiwe ukweli kwamba alitikiswa.

Ukanijibu eti mbona tunapanda naye bajaji. Mashimo ya barabarani, kumbeba mgongoni, kumchezesha magotini, hayo siyo ninayosema. Nasema mikono ya mtu mwenye hasira.

Kilio cha jioni huanza kuzidi wiki ya pili, hupamba moto wiki ya sita hadi ya nane, kisha hupungua mpaka miezi mitatu, minne. Si kila mara ni chango, wala si kwamba mkeo hana maziwa. Ukiona ameshiba, nepi kavu, hana homa, na bado analia, na wewe damu imeanza kukuchemka, mlaze chali kitandani kwake, toka uani dakika tano au kumi, piga simu kwa mtu. Akilia peke yake dakika hizo hataumia.

Unasema nimemfanya mkeo akuogope. Asubuhi ile alinimiminia chai huku anachungulia mlango usije ukasikia, akaniambia, "Wifi, asante." Nisingeyaandika haya hadharani, ila kwingine kote umenifungia.

Unasema mtoto mbona hana kitu. Alhamdulillahi. Bado mpelekeni akaangaliwe, na useme kilichotokea.

Wiki hii anaingia ya nane. Akikushinda, hata saa nane za usiku, nipigie. Nitapanda bodaboda kutoka Kikuyu nije nimshike, wewe ukalale. Hata usiponisalimia.

Dada yako.