Mdaiwa aliyeshtakiwa asiikimbie mahakama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linaloziumiza familia nyingi hapa Tabora, hasa za watumishi wa umma na wafanyabiashara wadogo. Mtu anaelemewa na mikopo, anaiunganisha yote iwe mkopo mmoja akitarajia nafuu, nafuu haiji, na mwishowe analetewa hati ya wito kutoka mahakamani.

Jirani yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa na mkopo wa benki, mkopo wa kikundi, na mwingine wa wakopeshaji wa mtaani, ile mikopo tunayoiita kausha damu, ambao walimtaka awaachie kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Taasisi moja ikakubali kuyanunua madeni yote. Makato ya kila mwezi yalipungua kweli, lakini muda wa kulipa ulirefushwa mno hata jumla ya riba ikazidi ile ya awali, na kwa kuwa kilichobaki kwenye mshahara hakikutosha chakula na mahitaji ya watoto shuleni, alirudi kukopa kule kule alikotoka. Leo ameshtakiwa na wadai wawili. Hati ya kwanza aliifukia kabatini chini ya vitenge, bila kumwambia hata mumewe.

Woga huo naufahamu, lakini ndio unaowapa wadai ushindi wa bure. Katika mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, mdaiwa aliyepokea wito katika kesi ya kawaida ya madai ana siku 21 za kuwasilisha utetezi wake wa maandishi. Akinyamaza, mdai anaweza kupewa hukumu ya upande mmoja, kisha dalali wa mahakama akafuata. Akijibu, anaweza kutaka deni lithibitishwe kwa hesabu na riba ichunguzwe, kwani Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, na anaweza kuiomba mahakama aruhusiwe kulipa kwa awamu. Hata hukumu ikitoka, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inakataza kukamata nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, zana za fundi, na nyumba ambayo mdaiwa anaishi na familia yake. Nyumba iliyowekwa rehani ni suala jingine.

Wapo ambao deni lao limevuka uwezo wa kulipika hata kwa awamu, na hao ndio ninaowaandikia zaidi. Tunayo Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, ambayo inamruhusu mdaiwa mwenyewe kupeleka ombi Mahakama Kuu akieleza kwamba hawezi kulipa madeni yake. Mahakama ikitoa amri, mali zake huwekwa chini ya msimamizi rasmi, wadai wote huwasilisha madai yao mahali pamoja, na mdai asiye na dhamana hawezi tena kumfungulia kesi bila idhini ya mahakama. Sisemi kwamba ni njia nyepesi. Mdaiwa huhojiwa hadharani kuhusu mali na matumizi yake, hawezi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa ya mahakama, na kuachiliwa madeni hakuji kwenyewe, bali ni lazima aombe, na mahakama inaweza kukataa. Aliyeweka rehani bado anaweza kuipoteza, na waliomdhamini wanaendelea kudaiwa, jambo ambalo kwa mikopo ya vikundi lina uzito mkubwa. Kwa jirani yangu mwenye mshahara wa uhakika naona malipo ya awamu yanamfaa zaidi. Kwa mfanyabiashara aliyefunga duka huku wadai wakimwandama kila upande, ufilisi ni haki yake anayostahili kuielezwa mapema.

Nani atamweleza? Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, wengi tunaujua kwa vyeti vya kuzaliwa na vya vifo tu, ilhali ufilisi ni sehemu ya kazi yake. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wanafanya kazi nzuri katika ardhi, ndoa na mirathi, lakini madeni hayapewi nafasi inayolingana na ukubwa wa tatizo. Naiomba Wizara ya Katiba na Sheria iyaingize rasmi katika Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, na maofisa wa RITA waambatane na wanasheria wa kampeni hiyo wanapofika kwenye kata. Benki Kuu nayo iwabane wanaonunua madeni waandike kwa Kiswahili, kwenye ukurasa wa kwanza wa mkataba, jumla ya fedha ambazo mkopaji atakuwa amelipa hadi mwezi wa mwisho, kando ya jumla ambayo angelipa kama asingeunganisha.

Msomaji wako,
Ng'ambo, Tabora