Rasta pungufu nayo ni kazi ya Serikali

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita ulichapisha barua ya msomaji aliyeitaka Serikali iachane na "mambo madogo ya starehe" ielekeze nguvu kwenye mambo makubwa. Akataja muziki, ving'amuzi na urembo wa wanawake. Gazeti lenyewe aliliacha mteja saluni kwangu, nikalisoma huku nasubiri maji ya kuchomea ncha za rasta yachemke. Yalichemka yakapungua sufuriani, mimi bado nabishana na bwana yule peke yangu. Naomba nafasi nimjibu, hasa kuhusu rasta, zile nywele bandia za kusukia, ambazo pakiti zake zina uzito pungufu kuliko ulioandikwa.

Mimi ni msusi. Saluni yangu iko Buzuruga, hapa Mwanza: chumba kimoja, viti vitatu, draya mbili ambazo moja hufanya kazi ikijisikia, na runinga ukutani. Humo ndani Serikali imeingia mara nyingi kuliko mume wangu, ambaye harufu ya dawa ya nywele humfukuza mlangoni. Kwa hiyo siwezi kusema tu iingie au itoke. Inategemea imefuata nini.

Nianze na hilo la urembo, maana naona ndilo lililomchekesha zaidi. Juni 2019, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, aliposoma bajeti, alitangaza ushuru wa bidhaa kwenye nywele bandia: asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini, asilimia 25 kwa zinazotoka nje. Redio ilikuwa imewashwa. Mteja niliyekuwa namsuka aligeuza shingo ghafla, mstari ukaniponyoka. Mtaani wanaume walifurahi, wakasema afadhali, wametozwa mapambo. Nina mteja mmoja ambaye nywele zake zilikatika zote kwa dawa za saratani. Wigi kwake si pambo, ni kitu cha kumwezesha kupanda daladala bila kukodolewa macho. Lakini hayo tuyaache, kodi ni kodi, na barabara tunazipita wote. Kilichoniuma ni kwamba duka ninalonunulia mzigo lilipandisha bei kesho yake asubuhi, kwa nywele zilizokuwa rafuni tangu Pasaka. Mwaka mpya wa fedha ulikuwa haujaanza. Nikauliza. Nikajibiwa neno moja: "Kodi."

Sasa nimfikishe ndugu yangu kwenye rasta zenyewe.

Zinauzwa kwa pakiti. Mteja wa kichwa cha kawaida anayetaka za kuning'inia, saizi ya kati, nilizoea kumwambia alete pakiti tatu, na hubaki kidogo cha kumfungia mtoto wake. Mwezi wa nane mwaka jana alikuja mama mmoja siku ya Ijumaa na pakiti zake tatu, kwa kuwa dada yake nilimsuka kwa tatu hizo hizo, za aina hiyo hiyo. Jumamosi ilikuwa sendofu ya binti wa kaka yake. Tukaanza saa sita mchana. Wasusi wengi tunaanzia kisogoni tunapanda juu, na ndivyo nilivyofanya. Ilipofika saa moja kasoro usiku msichana wangu anayechambua rasta akaniambia kwa sauti ndogo, "Dada, zimeisha." Nimebakiza utosi na mbele yote. Yaani sehemu inayopigwa picha.

Msichana akakimbizwa dukani. Akarudi na rangi namba 1 kama ile ile, lakini ya mzigo mwingine, nyeusi iliyokuwa ikivuta wekundu kwa mbali. Kwenye taa ya saluni huoni. Kwenye jua la sendofu utaona. Mteja akasimama. Akainua taulo lililokuwa begani, akalikung'uta. Akachungulia chini ya kiti. Kisha akavuta droo yangu ya vitana, akaitazama, akairudisha. Hakusema neno.

Msusi yeyote anayesoma barua hii anajua ile droo ilimaanisha nini. Kuna maneno ya siku nyingi kwamba wasusi tunachomoa rasta za wateja, pakiti kwa pakiti, mwisho wa wiki tunamsukia mtu mwingine. Wapo wanaofanya hivyo na sitawatetea. Mimi sijawahi kuchukua hata uzi. Lakini utajiteteaje kwa mtu ambaye hajakutuhumu kwa mdomo? Nikamalizia kichwa, nikakataa nusu ya pesa, akaondoka bila kuniambia asante. Hajarudi mpaka leo, na dada yake naye hajarudi.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikaenda dukani, nikanunua pakiti tano za aina ile, nikadai risiti kama tulivyofundishwa, nikaenda nazo kwa jirani yangu anayeuza dagaa. Ana mizani ya kidijitali yenye stika ya Wakala wa Vipimo, inahakikiwa kila mwaka, na anaitunza kama mtoto. Akaipangusa magamba kwa kanga. Pakiti imeandikwa gramu 165. Tukaiweka. Mizani ikasoma 131.

Jirani akasema labda mizani imeshikwa na baridi. Tukachukua chumvi ya nusu kilo kutoka jikoni kwake: 502, pamoja na mfuko wake. Mizani nzima. Tukarudi kwenye rasta: 128, 133, 130, 131. Na hapo Mhariri hatujatoa nailoni wala kile kikaratasi chenye picha ya mrembo anayecheka. Piga hesabu ya pakiti tatu: zimepungua gramu mia na ushee, zaidi ya nusu pakiti. Lile lilikuwa paji la uso la mteja wangu.

Nikarudi dukani. Muuzaji ni kijana mstaarabu, hakunikaripia. "Dada, mimi sikufunga. Nanunua katoni, nauza pakiti." Kweli tupu. Namba ya simu iliyochapishwa nyuma ya pakiti inaita hadi inakata. Nimeipiga siku nne tofauti, pamoja na saa za kazi. Kampuni siitaji hapa, maana sijui kama pungufu inatokea kiwandani au inatokea njiani, na ndiyo maana nataka mtu mwenye mamlaka aende kujua.

Ndugu yangu wa barua ile, hilo ni jambo dogo? Pakiti moja ni shilingi elfu tatu na mia tano. Hesabu saluni kuanzia Igoma mpaka Kirumba, hesabu na zile za chini ya mwembe zisizo na kibao. Mkulima wa viazi alipokuwa akishindiliwa lumbesa, gunia linashonewa kilemba juu na analipwa bei ile ile, Serikali haikusema hayo ni mambo madogo ya viazi. Ilikataza, na Wakala wa Vipimo hufuatilia hadi barabarani. Na sheria ya vipimo haiishii kwenye gunia na mizani ya sokoni, inagusa pia bidhaa zilizofungashwa. Rasta imefungashwa. Tofauti ni kwamba lumbesa inaonekana kwa macho, na rasta ni nyepesi, imetunishwa, ukiibonyeza inarudi. Inahitaji mtu wa kuipima.

Kwenye ving'amuzi nitakubaliana naye nusu. Mitambo ya analojia ilipozimwa, Dar es Salaam usiku wa 31 Desemba 2012 na sisi Mwanza mwaka uliofuata, nilinunua king'amuzi kwa kulalamika, kisha nikanyamaza kwa sababu picha ilikuwa safi. Baadaye nikahamia cha dishi, kwa ajili ya tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti ya Kiswahili. Mteja aliye chini ya draya hasikii kitu, lakini akiona sultani amekasirika anaelewa. Agosti 2018 chaneli za nyumbani zikatoweka kwenye vile vya kulipia vya dishi: ITV, Channel Ten, Star TV na nyinginezo. Star TV, Mhariri! Kituo cha hapa hapa Mwanza, nikikosa taarifa yake ya habari ni kama nimekosa salamu ya jirani. Tukaambiwa ni suala la leseni. Nikanunua king'amuzi cha pili cha antena, rimoti zikawa mbili, na wateja wakawa wanazima kile wanachotaka kuwasha.

Muda mrefu baadaye ndipo nilipoelewa kilichokusudiwa: chaneli ile ambayo mwananchi anapaswa kuiona bure isigeuzwe bidhaa ya kulipia, ili kifurushi kikiisha habari zisiishe nacho. Ni jambo jema, na lingetangazwa kwa maneno hayo ningelipigia makofi. Lakini lilinifikia kama adhabu. Aliyekuwa na kosa la leseni ni kampuni, aliyenunua antena ni mimi. Chaneli zilirudi baadaye. Pesa ya antena haikurudi, na antena yenyewe sasa tunaanikia taulo.

Na nyimbo. Hapo namwachia ushindi karibu wote. Novemba 2018 BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, walifungia wimbo uliobeba jina la mji wetu, kwa jinsi ulivyolichezea jina la Nyegezi, eneo la hapa Mwanza, likasikika kama tusi. Binti yangu alikuwa na miaka tisa, akitoka shule anakaa saluni kufanya kazi za darasani. Wimbo wenyewe alikuwa akiuimba kama anavyoimba tangazo la sabuni. Siku ulipofungiwa, redio zote zikawa zinaujadili, na yeye akainua kichwa kwenye daftari: "Mama, kwani Nyegezi kuna nini?" Nikamjibu kuna stendi ya mabasi. Wateja wote wanne walicheka, na mtoto akajua kuwa stendi siyo jibu. Sisemi watu waimbe matusi. Mimi mwenyewe nikiona wimbo umevuka mpaka na kuna watoto, nazima, sihitaji barua ya mtu. Ninachosema ni kwamba wimbo ukifungiwa asubuhi, jioni uko kwenye simu ya kila mteja, umetumwa na shangazi.

Lakini usichukue mfano wa wimbo ukanifungia nao mlango mzima. Krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, na hapo naiombea Serikali iingie zaidi, iingie hata saluni kwangu bila kubisha hodi. Nimemwosha nywele mwanamke mtumiaji wa mkorogo, ngozi ya pembeni ya sikio ikabaki kwenye taulo. Haikuwa dawa ya nywele, ilikuwa maji ya uvuguvugu tu. Mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa TBS, yaani Shirika la Viwango, na misako tunaisikia. Vikopo bado vinauzwa. Zamani vilikuwa vinafungwa kwenye mfuko mweusi wa plastiki. Mifuko ilipokatazwa Juni mwaka huo huo, vikaanza kufungwa kwenye gazeti. Samahani Mhariri, pengine na lako limo.

Ndiyo maana nasema msomaji wako amekosea njia ya kugawa. Yeye anagawa mambo makubwa na madogo. Mimi naangalia kama kuna kitu ninachoweza kujifanyia mwenyewe. Redio ina swichi, naizima. Tamthilia ikinichosha nabadilisha. Lakini zebaki siioni kwa macho, na gramu thelathini na nne zinazokosekana sizihisi mkononi, wala mteja wangu hazihisi. Anachohisi ni kwamba msusi ana droo. Sina mamlaka ya kumfuata aliyefunga pakiti. Nina kitana, na mizani ya kuazima yenye harufu ya dagaa.

Tangu siku ile nimebandika karatasi ukutani: "Leta pakiti nne." Wengine wanaisoma wananitazama kwa jicho la pembeni, wakidhani ya nne ni yangu. Kwa hiyo rasta sasa nazifungulia mbele ya mteja, nazihesabu kwa sauti moja moja, na zikiisha nampa nailoni zake azipange mapajani. Kazi ya saa saba imekuwa ya saa saba na nusu.

Zile pakiti tano sijazifungua. Zimo kwenye droo ile ile ya vitana, zimefungwa kwa mpira pamoja na risiti, na uzito wa kila moja nimeuandika kwa kalamu nyekundu. Anayehusika akitaka kuzipima kwa mizani yake, saluni hufunguliwa saa mbili asubuhi, isipokuwa Jumapili, ambapo nafungua nikitoka misa ya kwanza.

Msusi,
Buzuruga, Mwanza
(Jina langu unalo, naomba ulihifadhi.)